Nibu ya dhahabu si lazima

Wanafunzi wengi wanaotamani kukusanya kalamu za wino hukata tamaa mapema kwa kuambiwa kwamba bila nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) ya dhahabu hakuna kalamu ya maana. Si kweli.

Itazame nibu kwa karibu, ukiielekeza kwenye mwanga. Mwishoni kabisa utaona kijipunje kidogo cha kung'aa, kimepasuliwa katikati. Hicho ni aloi ngumu, yaani mchanganyiko wa metali, iliyochomelewa, na ndicho kinachogusa karatasi, nibu iwe ya dhahabu au ya chuma cha pua. Ulaini wa mwandiko hutegemea zaidi kilivyosuguliwa. Dhahabu ilipendwa zamani kwa sababu wino wa enzi hizo ulikuwa na asidi na ulikula chuma. Wino wa kawaida wa leo hauna ukali huo.

Ndiyo maana kalamu iitwayo Platinum Preppy ya Japani, ya plastiki na ya bei nafuu sana, inaandika vizuri ajabu. Ndani ya kifuniko chake mna kikombe chenye springi kinachoibana nibu isikauke. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka 1980, nayo ina nibu ya chuma.

Pesa utakayookoa nunulia chupa ya wino na daftari lenye karatasi nzuri. Kwenye karatasi hafifu wino husambaa kama vimizizi, hata kalamu iwe ya bei gani. Ila usitie wino mweusi wa wachoraji: unaganda ndani na kuziba kalamu. Ukibadilisha rangi, suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe.