Mkebe wa Tumbaku ya Kiko Unapopanda Kitonga

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu aliniletea mikebe miwili ya tumbaku ya kiko, ile ya duara ya gramu 50. Mwanawe aliinunua Ulaya miaka minne iliyopita. Ilishukia Dar es Salaam, ikapanda basi hadi kwa mzee, ikawekwa kabatini. Alitaka niifungue mimi. "Wewe mwanangu umeishi na tumbaku Chunya," alisema, "utajua kama bado nzima."

Nikachomeka sarafu ya shilingi mia mbili chini ya ukingo wa mfuniko wa mkebe wa kwanza, nikaizungusha kidogo. Tsss! Hewa ikaingia, mfuniko ukaachia, na harufu kama ya zabibu kavu ikatufikia wote wawili. Mkebe wa pili haukuhitaji sarafu. Nilipoushika tu, mfuniko ulinyanyuka kimya kimya. Ndani yake tumbaku ilikuwa imekauka ikawa kama majani ya chai, ukiibana kwa vidole inasagika kuwa vumbi.

Mikebe ya aina moja, duka moja, safari moja, kabati moja. Mzee akaniuliza: "Sasa huu haujawahi kufunguliwa. Tumbaku imekaukaje?"

Swali hilo naulizwa sana. Nimetunza ghala la tumbaku na kupanga madaraja Chunya kwa miaka mingi, na sasa niko Mbeya mjini, ambako wavuta kiko wachache tuliopo tunafahamiana. Jibu ninalowapa wote linaanzia barabarani, kwenye kile kilima cha Kitonga ambacho basi la kutoka Dar es Salaam hupanda kuja huku juu.

Mkebe wa duara wa kiko hauna skrubu wala risasi ya kulehemu. Kiwandani mashine hunyonya sehemu ya hewa iliyo ndani, mfuniko unawekwa, na kuanzia hapo hewa ya nje ndiyo inayoubana chini. Kati ya mfuniko na ukingo kuna utando mwembamba wa mpira laini unaoziba mwanya. Mpira wenyewe haushiki kitu, kazi yake ni kuzuia hewa isipite. Nguvu yote ya kufunga ni tofauti kati ya hewa iliyo nje na ile kidogo iliyobaki ndani.

Hapo ndipo urefu wa nchi yetu unapoingia. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya mjini, mita 1,700 juu, ni kama 82 au 83. Tuchukulie mashine imenyonya hewa mpaka iliyobaki ndani ni kilopaskali 70, na mfuniko una upana wa sentimita 10. Ukiwa Dar es Salaam, hewa inaukalia mfuniko huo kwa uzito wa kilo 25 hivi, sawa na mfuko mzima wa sembe. Mkebe uleule ukifika Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, uzito huo umeshuka hadi kilo 10. Hakuna aliyeugusa, lakini zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa inaufunga imebaki chini ya mlima.

Sasa fikiria mkebe ambao mashine haikuunyonya vizuri, umebaki na hewa karibu sawa na ya nje. Pwani unaonekana mzima kabisa. Ukifika huku, hewa ya ndani ndiyo inayokuwa na nguvu kuliko ya nje, na inausukuma mfuniko kwenda juu kwa karibu kilo 15. Mfuniko umekazana na ukingo, kwa hiyo hauruki. Unanyanyuka upana wa uzi tu, hewa inatoka, na kuanzia siku hiyo unyevu nao una njia. Naamini hivyo ndivyo mkebe wa pili wa mwalimu ulivyoharibika, na huenda uliharibika kabla haujafika hata Makambako.

Asiyeamini ana ushahidi kwenye basi. Pakiti ya krispi iliyonunuliwa Ubungo ikifika Mafinga imevimba kama mto wa kulalia. Na chupa ya maji uliyoimaliza Mbeya ukaifunga ikiwa tupu, ukishuka nayo Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni inakuwa imebonyea mbavu. Wanaopokea mizigo kwa ndege kupitia uwanja wa Songwe nao hawajakwepa kitu, kwani hewa ndani ya ndege ya abiria huachwa ishuke mpaka kufanana na ya mlima wa mita 2,400 hivi, juu kuliko Mbeya yenyewe.

Siwalaumu watengenezaji. Denmark, nchi yenye historia ndefu ya tumbaku ya kiko, kilima chake kirefu kuliko vyote hakifiki mita 200. Mlima Loleza tunaoutazama kila asubuhi hapa Mbeya unapita mita 2,600. Mkebe umetengenezwa kwa ajili ya mahali pengine, na anayeuleta huku ndiye anayepaswa kujua.

Umbo la mkebe nalo lina uzito wake. Duara hugawa mgandamizo sawasawa ukingo mzima. Mkebe wa pembe nne una pande zilizonyooka ambazo bati lake hubonyea kirahisi, na kwenye kona mpira unakunjwa. Ninaupenda wa pembe nne kwa sababu tumbaku ya vipande bapa hulala humo vizuri bila kuvunjika, lakini kwa kutunza miaka mingi siuamini hata kidogo. Ukiletewa wa namna hiyo, ufungue na uhamishe tumbaku wiki hiyohiyo.

Halafu kuna joto na baridi. Usiku wa Juni huku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na chumba kilicho chini ya bati bila dari kinapanda sana mchana. Tofauti ya nyuzi 15 tu inabadilisha mgandamizo wa hewa iliyo ndani ya mkebe kwa takriban asilimia 5, kila siku, kwenda na kurudi. Mkebe wenye mwanya mdogo unakuwa kama unapumua, mchana unatoa hewa yenye unyevu na harufu, usiku unavuta hewa kavu. Ndiyo maana nasisitiza kabati la chumba cha ndani, mbali na paa na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wala usiuweke kwenye sakafu ya saruji, maana bati la mkebe likishapata kutu, tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kumaliza kila kitu.

Utajuaje kuwa mkebe wako bado umefunga? Wengi huubonyeza mfuniko kwa kidole gumba. Ukibofyeka na kurudi, wanasema umekufa. Ni dalili, lakini mkebe wa bati gumu unaweza kukudanganya. Mimi nategemea mizani. Chunya ni mji wa dhahabu, na mizani ndogo za wanunuzi wa dhahabu zinasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Mkebe ukifika mkononi mwangu naupima kabla ya kitu kingine, naandika uzito na tarehe kwenye karatasi ya gundi, naibandika chini. Miezi mitatu baadaye naupima tena. Tumbaku ya gramu 50 yenye unyevu wa asilimia 15 ina gramu 7.5 za maji. Ikishuka hadi asilimia 10, mkebe utakuwa umepungua gramu 2.8 hivi. Hesabu hiyo huwezi kuiona kwa macho wala kuisikia kwa kidole, lakini mizani inaiona wiki nyingi kabla tumbaku haijaharibika. Uzito usiposogea, mkebe uache ulivyo.

Na uzito ukisogea, hama. Chombo ninachokiamini huku ni chupa ya kioo yenye mfuniko wa kusokota, iwe ile iliyotoka na asali au jemu, iwe zile za Mason ambazo hati yake miliki ilitolewa Marekani mwaka 1858. Kioo hakipitishi unyevu wala harufu. Mfuko wa plastiki wa zipu, hata ukiwa mzito, unapitisha vyote viwili taratibu, na baada ya miezi michache kabati zima linanukia tumbaku, maana yake tumbaku yenyewe inazidi kukosa harufu. Chupa ya achari usiitumie. Kioo chake kitasafishika, lakini mpira wa mfuniko umeshakunywa siki na pilipili, na hautaviachia.

Namna ninavyofanya ni hii. Naijaribu chupa kwanza ikiwa tupu: naifunga, naizamisha kwenye maji ya moto kiasi. Hewa ya ndani inatanuka, na kama kuna mwanya, vipovu vinatoka kwenye ukingo wa mfuniko. Ikipita jaribio, naiosha kwa maji ya moto pamoja na mfuniko wake ili mpira ulainike, nakausha mpaka hakuna hata tone, kisha najaza tumbaku chupa ikiwa bado na uvuguvugu na kufunga. Ikipoa, kile kitufe katikati ya mfuniko kinazama chenyewe. Tumbaku yenyewe haipashwi moto. Chupa iliyofungwa hivi Mbeya imefungwa kwa hewa ya Mbeya, na ukishuka nayo pwani, mfuniko utabanwa zaidi badala ya kulegea.

Unyevu wa kuanzia ndio jambo lenye kuhitaji mkono wa mzoefu. Kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, jani likimaliza kukaushwa linakuwa jepesi kama karatasi, ukiligusa linapasuka. Tulikuwa tukifungua milango usiku ili linyonye umande, na kulitoa mapema kabla jua halijawa kali. Aliyezoea alilikunja jani mkononi tu akajua limelainika kiasi gani. Kwa kiko fanya vilevile: chukua kiasi kidogo cha tumbaku, kifinye, kiachie. Kikibaki donge, kina maji mengi, kitapata ukungu ndani ya chupa. Kikitawanyika papo hapo na kutoa mlio, kimekauka. Kinachofumuka taratibu ndicho cha kufungia.

Ukungu ndio ninaouogopa kuliko ukavu, na mara nyingi tunauleta wenyewe. Kiangazi, Agosti na Septemba, upepo wa Mbeya unaweza kuikausha tumbaku iliyoachwa wazi mezani ndani ya siku moja. Basi mtu anakata kipande cha kiazi mviringo, anakitumbukiza kwenye mkebe ili tumbaku ilainike. Inalainika kweli. Lakini kiazi ni chakula, na baada ya siku chache kuna manyoya ya kijivu yanayonuka kama ghala lililovuja. Tumbaku hiyo tupa yote, usichague upande uliobaki safi. Badala ya kiazi tumia kipande kidogo cha kigae kilichochomwa, kilichoroweshwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, ukakifuta juu kabla ya kukiweka, na ukitoe kesho yake. Kwa wenzetu wa Tukuyu tatizo huwa kinyume, mvua za huko zinaweza kuilowesha tumbaku iliyo wazi, kwa hiyo wao wafunge kwenye siku yenye jua.

Na chombo chochote utakachotumia, kiweke juu, mbali na watoto. Nikotini ni sumu, na tumbaku yenye harufu ya matunda inamvutia mtoto kama peremende.

Turudi kwa mwalimu. Ule mkebe uliokauka niliutandaza kwenye sinia, nikafunika kwa kitambaa chenye unyevu kilichoinuliwa kisiguse tumbaku, nikawa naigeuza asubuhi na jioni. Siku ya pili jioni ililainika. Alipoijaribu alivuta mara tatu, akakaa kimya, akasema utamu umo ila harufu haipo. Ilikuwa tumbaku ya Virginia, jani linalokaushwa kwa hewa ya moto kama letu la Chunya, lenye sukari nyingi. Sukari haiendi na hewa, kwa hiyo ilibaki. Mafuta mepesi yanayobeba harufu yalishatoka kupitia mwanya ule, na maji hayawezi kuyarudisha.

Ule mzima tuliugawa. Nusu alichukua ya kuvuta, nusu tuliifungia kwenye chupa ndogo ya asali, kwa sababu Virginia ikifungwa vizuri inazidi kuwa tamu kwa miaka. Kwenye mizani chupa ilisoma gramu 214.36. Nimeandika kwenye karatasi, na yeye ameandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa ubaoni. Ataileta Desemba akija kuchukua pensheni, tuipime tena.