Mwenzetu amejifungua na sasa hataki mtu: majirani tufanye nini?

Swali: Mama tunayeanika naye dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, ana mtoto wa miezi miwili. Hapati usingizi hata mtoto akilala, analia, hataki kuonana na mtu. Wengine wanasema amerogwa, wengine uvivu.

Si uvivu. Dalili hizo zinafanana na sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, nayo huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, apelekwe zahanati au Hospitali ya Maweni. Ugonjwa huu unatibika. Usiku wa giza, mume akiwa ziwani, mama hubaki peke yake na kichanga, na upweke huikuza sonona.

Swali: Sisi si madaktari. Tutamfaa nini?

Mtamfaa sana. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa wa sonona kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wa Harare uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi walisikiliza kwanza, kisha mgonjwa akachagua tatizo moja la kuanza nalo.

Kwa hiyo msimwambie "jikaze, wenzako wamezaa wanane." Muulizeni kinachomwelemea zaidi. Kama ni usingizi, mtoto akishanyonya, mmoja ambebee kwa muda wa saa mbili. Mwingine alete ugali na mboga, aoshe nepi. Kwenye kikoba chenu cha kuweka na kukopa msimfute. Kumwondoa anapoumwa ni kumwongezea ugonjwa. Na anayoyasema yasifike mwaloni, tafadhali.

Swali: Akishapewa dawa?

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na wengi huziacha hapo katikati. Chagueni mtu mmoja wa kukumbuka tarehe ya kliniki na kumsindikiza. Asizikatize mwenyewe kwa hofu ya kunyonyesha, amuulize mhudumu.

Swali: Akisema amechoka kuishi?

Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake hata kidogo, wala asiachiwe mtoto peke yake. Ondoeni sumu ya panya, dawa za mashambani na kamba, kisha mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mumewe hajarudi.