Mati mbili upande wa dereva hapana, na mengine mnayodanganyana kuhusu mati za pikapu

Mvua zikianza huku kwetu Mbeya, kuanzia Novemba hivi mpaka karibia Mei, kazi yangu kubwa inakuwa mati za pikapu. Wanakuja wa Rungwe na tope la kwenye migomba na chai, wa Ilembo na viazi vyao, wa Mbarali wametoka kwenye majaruba ya mpunga, na karibu kila mmoja akifika anasema yaleyale: fundi we nitandikie tu hiyo ya mpira juu ya hii ya zamani, ya zamani usiitoe, itanyonya maji. Juzi tena baba mmoja mwenye Hilux kaniambia hivyohivyo na kakasirika nilivyoitoa ya chini, nikaona leo niandike kabisa maana kumweleza mmoja mmoja haiishi.

Mati mbili upande wa dereva haziwekwi. Sio kitambaa chini na mpira juu, sio mpira juu ya mpira, sio hata kile kipande cha zulia la sebuleni ambacho wengine mnatandika ili mati mpya isichafuke. Ile ya chini ndo imeshikwa na klipu za sakafuni, ya juu haijashikwa na kitu chochote, imelala tu. Kila dereva akikanyaga, kisigino kinaisukuma mbele kidogo, kesho kidogo tena, na tope la maji likiingia katikati ya hizo mbili inateleza kama imepakwa grisi. Baada ya wiki ukingo wake wa mbele uko chini ya pedeli ya mafuta. Siku unakanyaga mpaka mwisho ili kuovateki lori, pedeli inashuka, inanasa kwenye ukingo, unaondoa mguu na gari bado inavuta.

Wateja wananiambia fundi unatutisha. Haya, mwaka 2009 mwezi wa nane, karibu na San Diego kule California, Lexus ES 350 ilikimbia yenyewe barabarani, dereva akashindwa kuisimamisha, watu wanne wa familia moja wakafa. Wachunguzi walikuta ndani kuna mati ya mpira ya ol-weza, yaani ya hali zote za hewa, na wala haikuwa feki, ilikuwa mati ya Lexus, ila ya modeli nyingine, ya RX, kubwa kuliko sakafu ya ile gari, na haikufungwa kwenye klipu zake. Mwezi uliofuata Toyota, ndo wenye Lexus, wakatangaza kuyaita magari kama milioni 3.8 Marekani kwa sababu ya mati, wakawaambia wenye nayo watoe kwanza mati ya dereva wakati wanatafuta suluhisho. Kwenye orodha ile zilikuwemo Tacoma na Tundra, na hizo ni pikapu kama mnazoendesha nyie. Sasa kama mati nzuri ya kampuni, moja tu, isiyo ya saizi yake, ilifanya vile, we unaweka mbili halafu unaniambia natisha?

Kuna wanaosema wao wamenunua nzito, kilo nyingi, haisogei. Mati nzito inasogea, inachukua muda tu, na ikishasogea ni ngumu kuirudisha kwa mguu. Kinachoshika mati ni klipu na saizi, uzito haushiki kitu. Wengine wanasema gari za kisasa ukikanyaga breki kompyuta inakata mafuta. Baadhi ndiyo zina huo mfumo, Nissan Hadibodi yako na Hilux Vigo ya zamani usizihesabie. Na hata huo mfumo unasubiri ukanyage breki, sasa kama mati imejikunja chini ya breki yenyewe utakanyaga nini? Hilo la pedeli kuzuiwa kwa chini nakutana nalo zaidi hata ya la mafuta. Mtu analeta gari gia haziingii vizuri, keshaambiwa klachi imeisha, keshaulizia na bei ya sahani ya klachi, naangalia chini nakuta furushi la mati chini ya pedeli ya klachi, pedeli haifiki mwisho. Naitoa, gia zinaingia. Sasa fikiria hiyo ndo breki na unashuka Kitonga una viazi nyuma, au unateremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Mi hapo sibishani na mteja, kama hataki nitoe ya chini namrudishia gari yake na hela yake.

Fanya hivi kabla hujaondoka dukani, popote uliponunua. Gari imezimwa, isukume mati mbele kwa mkono kwa nguvu. Ikisogea, haijashika. Halafu bonyeza pedeli ya mafuta mpaka mwisho kwa mkono, uachie, iangalie inavyorudi, na kati ya pedeli ikiwa imeshuka na mati kipite angalau kidole. Fanya na breki, fanya na klachi. Kama gari imekuja haina klipu, na nyingi za mtumba zimeshang'olewa, nunua klipu kwanza, ni vitu vya bei ndogo sana. Na ikitokea imenasa ukiwa barabarani: kanyaga breki kwa nguvu zote uishikilie, usipampu, weka niutro, toka pembeni, ndo uzime. Injini ikipiga kelele kwenye niutro iache ipige. Usichomoe ufunguo gari ikiwa inatembea, usukani utajifunga.

Tuendelee. "Nikiweka ya mpira sakafu haiozi." Mpira hauruhusu maji kushuka, na hauruhusu maji kupanda pia. Yakishaingia kwa pembeni, na yanaingia kama mati haina kingo zilizoinuka, yanakaa kwenye zulia la gari na lile sponji la chini yake, hayakauki hata kukiwa na jua. Kutu inaanzia hapo, na kwa gari nyingi waya zinapita pembeni pale chini ya mlango, soketi zikila kutu ndo mnaanza kufukuzana na fundi umeme. Dalili yake watu wa huku mnaiona kila siku bila kujua, asubuhi ya baridi vioo vina ukungu kwa ndani kila siku, na wewe mwenyewe hujalala humo. Gusa zulia chini ya mati. Mi nasema kila wikendi ya kipindi cha mvua mati zote nje, milango wazi, pakauke, na sitabadilisha ushauri huu. Nunua yenye kingo ndefu na mifereji, tope likae humo ulimwage.

Zile za ngozi wanaziita 7D, zenye sponji na mishono, mnaambiwa haziingizi maji. Juu haziingizi, kwenye mishono zinaingiza na sponji linanywa. Kwa gari ya ofisini mjini sawa, kwa pikapu ya shamba hapana.

Eti ngumu ndo imara. Plastiki ya PVC ya bei rahisi ikipata baridi ya mwezi wa sita na wa saba ya Makete au Njombe inakakamaa, kingo zinanyanyuka, halafu inapasuka pale kwenye kisigino. Mpira halisi au ile inayoitwa TPE, plastiki laini kama mpira, inabaki laini. Ikunje dukani, ikibaki na mkunjo mweupe iache.

Wanaoosha magari wakikupulizia dawa ya kung'arisha kwenye mati, wakataze kabisa. Hiyo ni ya dashibodi na tairi. Buti lenye tope juu ya mati yenye silikoni ya hiyo dawa linateleza kutoka kwenye breki. Maji na sabuni inatosha.

La mwisho, "Hilux ni Hilux, nimeagiza mtandaoni." Vigo na Revo sakafu zake haziko sawa, singo kabini na dabo kabini haziko sawa, manyuo na otomatiki haziko sawa kwa sababu ya nafasi ya klachi na pa kuwekea mguu wa kushoto. Na nyingi za mtandaoni zimekatwa kwa gari za usukani wa kushoto, ya dereva ukiileta huku kwetu haikai. Kuna kijana aliniomba niikate kwa kisu ili iingie kwenye Ranger yake, nikakataa, maana ukikata unaondoa na pale pa klipu. Kabla hujalipa mtumie muuzaji mwaka wa gari, aina ya kabini, gia na picha ya sakafu upande wa dereva mati ikiwa imetolewa, klipu zionekane. Akikujibu zinaingia zote, tafuta muuzaji mwingine.