Uso Hujengwaje Tumboni: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayoumiza kuliko zote, na ambayo hapa Dodoma husikika mjini na vijijini, ni kwamba mtoto huzaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, kwa sababu mama yake alikiuka mwiko, alirogwa, au alishika kisu jua lilipopatwa. Ukweli ni kwamba mdomo wa juu huungana katika wiki ya sita hadi ya saba tangu mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajafika hata kliniki. Jambo lililotokea mimba ikiwa ya miezi mitano haliwezi kuupasua mdomo uliokwisha kuungana.

Uso huanza katika wiki ya nne kwa vinundu vitano vinavyouzunguka mdomo mchanga: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu na viwili vya taya la chini. Sehemu kubwa ya seli zinazojenga mifupa yake hazitokei hapo, bali husafiri kutoka kingo za mrija wa neva, yaani chanzo cha ubongo na uti wa mgongo. Zikifika, hupokea ishara za kemikali kutoka kwa ubongo mchanga na utando unaozifunika, zikiwemo protini za SHH, FGF8, BMP na WNT, na kila ishara ikishikwa na kipokezi chake, yaani protini ya seli inayoipokea, huwasha au kuzima jeni, hata seli ijue kama igawanyike, igeuke mfupa au ife.

Kiasi cha ishara hizo ni jambo zito. SHH ikipungua mno, ubongo wa mbele hushindwa kugawanyika na macho husogeleana, pengine yakawa jicho moja. Mfugaji wa Kongwa au Mpwapwa akiona mwanambuzi wa namna hiyo anaweza kudhani ni mkosi. Huko Idaho, Marekani, wanakondoo wa jicho moja walichunguzwa katika karne ya 20, ikabainika kwamba mama zao walikula mmea wa Veratrum californicum takriban siku ya 14 ya mimba. Sumu yake huzuia njia ya ishara ya SHH.

Wengine hukubali sayansi nusu, wakasema basi ni damu mbaya ya upande wa mama. Jeni zinahusika kweli, kwa mfano IRF6, lakini hutoka kwa wazazi wote wawili, na mara nyingi huchangamana na mazingira. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililo wazi. Sioni haki yoyote katika kumrudisha mwanamke kwao kwa sababu hiyo.

Ipo pia dhana kwamba pombe haidhuru kabla tumbo halijaonekana, iwe mvinyo wa zabibu zetu au pombe ya mtama. Kinyume chake, wiki ya tatu na ya nne ni za hatari kubwa, kwa kuwa pombe huua baadhi ya seli zile zinazosafiri na kuvuruga ishara zake. Mtoto anaweza kuzaliwa na mdomo mwembamba wa juu, macho madogo na ubongo ulioathirika. Dawa ya kifafa ya valproate nayo huongeza hatari ya ulemavu, lakini mgonjwa asiiache bila kuonana na daktari.

Kuhusu fuvu, wengi hudhani utosi unaodunda ni ugonjwa wa kupakwa dawa. Kudunda huko ni mapigo ya moyo. Ishara za seli huacha maungio ya fuvu wazi ili ubongo ukue, na kipokezi cha FGFR2 kikifanya kazi kupita kiasi maungio hayo hufungana mapema na kichwa kuharibika umbo. Utosi wa mbele hufunga kwa kawaida kati ya miezi 12 na 18. Ukididimia mtoto akiwa anaharisha, au ukivimba akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.