Jamani, Netscape iliyorudi ilikuwa ni Firefox

Wiki hii tena. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri pale Mwembe Tayari, Mombasa, kaniletea laptopu niitoe virusi, kaniona naweka Firefox, ile brauza ya bure ya kufungulia intaneti, kacheka kile kicheko cha "nyinyi watoto hamjui kitu", halafu akaanza. Firefox ni kopi ya Netscape, ile brauza ya miaka ya tisini. Wale watu wa vitu vya bure waliiba. Na Netscape ilipokuja kurudi ilikuwa imara zaidi, kwa sababu ile ina mwenyewe, ina kampuni, hii ya bure ikikuharibikia utamshika nani? Haya maneno nshayasikia barazani, nshayasikia kwa waliokuwa na saiba mjini zamani, nshayasikia hata kwa mwalimu wa kompyuta, na kila mara nanyamaza kwa sababu ya heshima ya umri. Leo sinyamazi, na shikamoo mzee, sikukusudii wewe peke yako.

La wizi nalimaliza haraka. Hakuna aliyeiba. Netscape wenyewe ndo waliotangaza Januari 1998 kwamba msimbo wa brauza yao, yaani maandishi ya programu yenyewe, watauweka wazi, na tarehe 31 Machi 1998 wakauweka wazi kweli, wakauita mradi wa Mozilla, na wengi waliofanya kazi Mozilla miaka ile ya mwanzo mshahara wao ulikuwa watoka Netscape hiyo hiyo. AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, wakainunua Netscape, biashara ikakamilika 1999. Julai 2003 AOL wakawafumua wale watu wa brauza, Mozilla ikasimama kama taasisi yake, na AOL hao hao wakatoa dola milioni 2 za kuianzisha. Firefox 1.0, brauza ya Mozilla hao, ikatoka tarehe 9 Novemba 2004. Hata jina Mozilla ni la ndani ya Netscape tangu siku za mwanzo kabisa, na mpaka leo Chrome, Safari, Edge, yoyote ile ikibisha hodi kwa seva, ile kompyuta inayotoa saiti, yajitambulisha kwanza "Mozilla/5.0". Basi, wizi umekwisha.

Sasa tuje kwenye hili neno "imerudi", manake ndo linalonitoa roho.

Netscape mnayoikumbuka nyinyi, ile yenye herufi N na nyota zapita, yenye barua pepe ndani na kile kijisehemu cha kutengenezea kurasa, hiyo ni Netscape 4 ya 1997. Injini yake, ile sehemu ya ndani inayosoma ukurasa na kukuchorea, iliachwa. Mwishoni mwa 1998 waliamua hairekebishiki, wakaamua kuhamia injini mpya, Gecko, iliyoandikwa toka mwanzo. Ikaleta miaka ya ukimya ambayo Internet Explorer ya Microsoft ilikula soko lote, halafu Novemba 2000 AOL wakashindwa kungoja, wakatoa Netscape 6 wakati Mozilla wenyewe bado wasema haijaiva, na kweli haikuwa imeiva, ilikuwa nzito, yaganda, watu wakakimbia. Kwa hiyo ukitaka kumlilia marehemu, mlilie hapo. Kila toleo la Netscape kutoka hilo la 6 kwenda juu lina Gecko ndani, na Gecko yatengenezwa na Mozilla.

Netscape 8 ndo hiyo "iliyorudi". Ilitoka tarehe 19 Mei 2005, AOL waliwapa kazi watu wa nje, kampuni moja ya Kanada inaitwa Mercurial Communications, na ilikuwa ya Windows tu, wenye Mac na Linux hawakuhesabiwa. Na ndani yake kulikuwa na nini? Firefox 1.0.3. Si "imefanana na", si "imeiga", ni Firefox yenyewe imechukuliwa, ikapigwa rangi, ikaongezewa vitufe mpaka pa kusomea pakabaki padogo. Tuktuk ukiibadilisha turubai ukaiandika jina jipya nyuma, ukipanda Likoni feri na nyingine ya mtindo huo huo huwezi kuniambia moja yakimbia zaidi kwa sababu ya turubai. Lakini watu walikaa wakapimana, Netscape yafungua haraka, Firefox yafungua haraka, wakapigana kwa maneno, na wote walikuwa wapima kitu kimoja.

Ila kuna kitu kimoja hakikuwa sawa, na hapa nataka mtulie kidogo.

Firefox 1.0.4 ilitoka wiki moja kabla ya Netscape 8, na ilitoka kuziba matundu makubwa ya usalama. Netscape 8 ikazinduliwa juu ya 1.0.3. Yaani siku ya harusi yake, na matangazo yote ya "brauza salama", ilikuwa na matundu ambayo tayari yamezibwa kwa mwenzake. Ilibidi watoe 8.0.1 siku ile ile. Watu hupita hapa haraka, wasema ah si walirekebisha. Walirekebisha, sikatai. Lakini fikiria mambo yaendavyo: msimbo uko wazi, Mozilla wakitoa kiraka, yaani sahihisho la kuziba tundu, kila mtu aweza kulinganisha wa jana na wa leo akaona mstari gani umebadilishwa, na mwenye nia mbaya akiona mstari uliobadilishwa ashajua tundu lilikuwa wapi. Kwa hiyo kiraka kikitoka kwa Firefox, kwa aliye kwenye Firefox ni kinga, na kwa aliye kwenye brauza iliyojengwa juu ya Firefox lakini bado haijachukua kiraka, ni tangazo la tundu lake. Saa inaanza kuhesabu. Na watu wa kuchukua kile kiraka, kukitia kwenye toleo lao lenye vitu vyao vya ziada, kukijaribu, kukitoa, walikuwa wachache kuliko Mozilla. Haiwezi kuwa mbele. Kwa umbo lake tu haiwezi, hata wangekuwa malaika. Aliyeko chini ya mto hanywi kabla ya aliyeko juu, haya hilo nimalize, mafumbo si kazi yangu.

Kisha wakaongeza la pili. Netscape 8 ilikuwa na injini mbili, Gecko na ile ya Internet Explorer iliyokuwa imo ndani ya Windows, Trident. Saiti ikiwa kwenye orodha yao ya kuaminika waifungulia kwa Trident, ikiwa haijulikani waifungulia kwa Gecko. Wauzaji wakasema una brauza mbili ndani ya moja. Mimi nasema una matundu ya nyumba mbili ndani ya moja, manake sasa yakupasa ungoje kiraka cha Mozilla kipitie AOL, na kiraka cha Microsoft kipitie Windows Update, na mashine nyingi za mjini enzi hizo Windows zake zilikuwa za CD ya mtaani zisizopata apdeti hata moja. Na juu ya hayo, ilipotoka, ukiiweka iliharibu Internet Explorer yenyewe isiweze kuonesha faili za XML, aina moja ya faili za data, ukurasa mweupe tu, mpaka watu wa Microsoft wakatoka hadharani kuwaambia watu waiondoe. Baadaye ikarekebishwa.

Hapo sasa ngoja niwe mwadilifu, kwa sababu hili la injini mbili sina uhakika nalo kama ninavyojifanya. Mwaka 2005 saiti nyingi ziliandikwa kwa Internet Explorer 6 tu. Fomu ya kujaza yafunguka nusu, kitufe cha kutuma hakionekani, mtu kalipia dakika zake saiba na intaneti ni ya setilaiti, yatambaa, hataki kuanza upya, halafu wewe wamwambia Firefox ni salama? Hakuelewi, na ana haki. Kwa mtu kama yule, kubonyeza kitufe kimoja ikageuka injini ilikuwa neema. Wenye kuandika vitabu hukwambia usalama kwanza, lakini mteja aliyeshindwa kutuma maombi ya kazi siku ya mwisho hajapata usalama wowote. Sijui ningeipimaje hasara ile kwa hii. Mpaka leo sijui.

Na Firefox nayo isisifiwe kupita kiasi. Ilikuwa yachelewa kuamka kuliko Internet Explorer, kwa sababu ile ilikuwa ishapakiwa na Windows. Toleo la 2 lilikuwa lanyonya memori, ukiliacha wazi tangu asubuhi, adhuhuri mashine yenye ramu ndogo yaomba msamaha. Na kabla ya toleo 1.5 la Novemba 2005, kila apdeti ilikuwa udaunlodi brauza nzima upya, kwa laini zetu zile kabla nyaya za baharini hazijatia nanga Mombasa 2009, sasa nani atafanya? 1.5 ndo ilileta apdeti za vipande vidogo zinazojishusha zenyewe, na kwa maoni yangu hicho kitu peke yake kimelinda watu wengi kuliko maneno yote ya "huria (yaani ya msimbo wazi) ni salama". Kuwa huria hakumlindi mtu. Kinacholinda ni kiraka kufika.

Turudi kwa mwenyewe na "utamshika nani". Netscape 9 ilitoka tarehe 15 Oktoba 2007, mara hii AOL waliitengeneza ndani kwao, na wallahi ilikuwa nzuri, nasema kweli: nyepesi, imejengwa juu ya Firefox 2, yakubali viongezo vya Firefox, ikarudi Mac na Linux, ukikosea kuandika anwani yakurekebishia. Waliosema imeipita Firefox wakati ule siwacheki, vitu vidogo vile vilikuwa vimefikiriwa. Tarehe 28 Desemba mwaka huo huo AOL wakatangaza wanaifunga. Msaada ukakatwa tarehe 1 Machi 2008. Na wakawaambia watumiaji waende wapi? Firefox, au Flock, ambayo nayo ilikuwa imejengwa juu ya Firefox na ikafa 2011. Huyo ndo mwenyewe mliyekuwa mumshike. Firefox isiyo na mwenyewe iko mpaka leo.

Ila iko vipi, hilo nalo lanisumbua. Sehemu kubwa kabisa ya pesa za Mozilla hutoka kwa Google, kwa kuwekwa kama mtafutaji wa kwanza. Mpinzani ndo analipa kodi ya nyumba. Sina jibu la hilo, na yeyote anayekwambia ana jibu mwulize pesa atatoa wapi.

Kuna na wale wanaotafuta Netscape 9 leo, waiweke kwenye kimashine cha Windows XP kwa kumbukumbu. Wekeni, lakini saiti karibu zote zitakataa kufunguka, kwa sababu iko kwenye enzi ya TLS 1.0, ile kufuli ya mazungumzo ya brauza na seva, na seva za siku hizi zataka 1.2 kwenda juu. Si kwamba imeharibika. Msiniletee dukani.

Na vijana msicheke wazee, nyinyi mwafanya jambo lile lile, tena kila mwezi. "Fundi, hii Opera nyepesi kuliko Chrome." Opera iliacha injini yake 2013 ikahamia ya Chromium, ule msimbo wazi ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake. Edge ikahamia Januari 2020. Brave, Vivaldi, ile ya Samsung, zote Chromium. Opera Mini ile ya kubana bando ni habari nyingine, ile kurasa hupikwa kwenye seva zao kwanza ndo zikakufikia, hiyo tofauti yake ni ya kweli. iPhone nayo, nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, weka brauza jina lolote ulitakalo, ndani ni WebKit, injini ya Apple. Kwa hiyo mtu akinisifia brauza mpya swali langu ni moja: injini gani, na viraka vya injini hiyo vyachelewa siku ngapi kufika kwako? Kwa laptopu waandika chrome://version kwenye pa anwani waona namba ya Chromium, walinganisha na ya Chrome yenyewe. Ikiwa nyuma kwa matoleo mawili matatu, iondoe, sijali ina mwonekano wa giza mzuri namna gani.

Za simu ndo balaa. Zile brauza za Play Store za megabaiti mbili, "nyepesi, kasi, haina matangazo", hazina injini kabisa. Zafungua kurasa kwa kitu kinaitwa Android System WebView kilichomo ndani ya simu yako tayari, na tangu Android 5 hicho huapdetiwa chenyewe kupitia Play Store. Nimeona simu zimezimwa apdeti zote ili kuokoa bando, WebView ni ya miaka, na juu yake mtu kaweka brauza nne tofauti akisema anajaribu ipi salama. Nenda Play Store, tafuta jina hilo la WebView, bonyeza apdeti, halafu brauza tatu kati ya zile nne zifute, ubaki na moja yoyote.