Ajali, uzembe, na mtu aliyechoshwa kazini

Juzi kwenye harambee ya bili ya hospitali huku Kaptembwo, Nakuru, nilisikia tena maneno mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi mno. La kwanza lilitoka kwa mzee wa heshima aliyesimama kutuombea: "Ndugu zangu, ajali haina kinga." La pili lilitoka kwa suparavaiza wa kijana aliyeumia, tena kwa upole: "Kijana ni mzuri, ila usiku huo alizembea kidogo." Watu waliitikia kwa kichwa, tukachanga, tukarudi makwetu. Kijana mwenyewe alipoteza vidole viwili kwenye mkanda wa kubebea magunia, saa kumi alfajiri, katika usiku wake wa 13 mfululizo wa zamu ya saa 12. Hizo siku 13 hakuna aliyezitaja.

Ajali ya uchovu kazini ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu mwili na akili vimefika mahali haviwezi tena kuona, kuamua au kuondoa mkono kwa wakati. Maana yake ni hiyo tu. Si lazima awe amelala. Ubongo uliokosa usingizi hujizima kwa sekunde chache hata macho yakiwa wazi, na dereva wa lori anayeteremka mteremko wa Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kwa kilomita 80 kwa saa atakuwa amepita karibu mita 90 katika sekunde nne za namna hiyo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Mlevi tunamzuia asiguse mashine. Aliyekesha tunampa ovataimu.

Sasa turudi kwenye maneno, maana hapo ndipo haki ya kijana ilipopotelea.

"Ajali" tumeipata kwenye Kiarabu, *ajal*, na huko maana yake ni muda uliowekwa. Ni mwisho wa kipindi, siku iliyopangwa, na kwa hiyo pia saa ya mtu kufa. Kiswahili kiliipokea pamoja na mzigo huo. Wazee wa pwani wakisema ajali wanaweza kuwa wanasema majaliwa, yale aliyoandikiwa mtu, na baadaye neno likanyooka hadi kwenye gari lililopinduka na jiko lililolipuka. Ndiyo maana methali inasema haina kinga. Methali inazungumzia saa ya kufa, na kwa hilo haijakosea hata kidogo. Tunaokosea ni sisi tunaoichukua methali ya kifo na kuibandika kwenye mkanda usiokuwa na kifuniko na kijana ambaye hajapumzika wiki mbili.

Tena *ajal* haikuwa ya kifo peke yake. Katika Qurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 282, neno hilohilo linatumika kwa deni: mkikopeshana kwa muda uliowekwa, andikeni. Hapo ajali ni ukomo wa mapatano kati ya watu wawili, na unatakiwa uandikwe ili asije mmoja akamdhulumu mwenzake. Lina ndugu pia, "ajili", la herufi zilezile tatu za asili, ambalo tunalitumia kila siku tunaposema "kwa ajili ya". Yaani neno moja katika ukoo huo limebeba muda, la pili limebeba sababu. Sisi tumebaki na lile la muda tukamwachia Mungu, na lile la sababu hatuliulizi.

"Uzembe" ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linatajwa kwa sauti ya huruma na linafanya kazi ya hukumu. Tazama sarufi yake. Kuzembea ni tendo la mtu mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kuwa makini, akalegea. Kuchoka si tendo, ni hali inayomfika mtu. Na lugha yetu ina neno la tatu, kuchoshwa, ambalo haliwezi kusimama bila mtendaji. Ukisema "alizembea", maswali yamekwisha. Ukisema "alichoshwa", hata mtoto wa darasa la nne atauliza, na nani?

Sheria inauliza hivyohivyo. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi hapo, ikiwemo kuweka taratibu za kazi zilizo salama. Ratiba ya zamu ni utaratibu wa kazi sawasawa na kifuniko cha mashine. Sheria ya ajira ya mwaka huohuo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, 60 kwa wa usiku, na hata ukiongeza ovataimu, wiki mbili hazifai kuzidi saa 116, au 144 kwa wa usiku. Mpigie hesabu kijana wetu: 13 mara 12 ni 156. Mwenye gari la abiria au la mizigo naye ajue kwamba dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake, wa kujilinda na kuripoti hatari anayoiona, na siusahau. Lakini sheria ya fidia, ile watu wa viwandani huiita WIBA, haimnyimi mtu fidia kwa kosa la kawaida. Inamnyima tu ikiwa alikosea kwa makusudi na kwa ukaidi, na hata hapo, ikiwa alikufa au alipata ulemavu mkubwa, fidia inabaki. Kusinzia saa kumi alfajiri si makusudi. Na kama lori la kampuni lingepinduka likimrudisha nyumbani, hiyo pia ingehesabiwa ajali ya kazini. Dai linapelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Muda wa kudai ni miezi 12, kwa hiyo msingoje vidonda vikauke ndipo mwanze kuulizana.

Yule mzee wetu nilimfuata baada ya maombi. Sikutaka kumkosoa mbele za watu, na methali yake ni njema mahali pake. Nilimwomba tu kwamba siku nyingine, kabla hajaisema, aulize kwanza mgonjwa aliingia kazini lini. Suparavaiza naye nilimwambia fomu ya kuripoti ajali ina nafasi ya kueleza chanzo, na kwamba "alizembea" ni hukumu, haielezi kilichotokea. Aandike saa kijana aliyoingia zamu, saa aliyoumia, na siku ya mwisho aliyopewa off. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia yeye mwenyewe ana siku 11 hajalala nyumbani usiku.