Je, wajua kwa nini chemshabongo hujazika hata usipojua majibu?

Watu wengi huikwepa chemshabongo ya gazetini, lile jedwali la visanduku vinavyojazwa maneno ya mlalo na ya wima, kwa sababu wanaichukulia kama mtihani wa maarifa ya jumla. Wanaona kidokezo kimoja kinauliza mji mkuu wa Norwei, kingine kinataka volkano iliyoko Sicily, cha tatu kinamtaja ndege mkubwa wa Australia asiyeruka, basi wanafunga ukurasa. Wanaamini kwamba jedwali lile limeandaliwa kwa ajili ya watu waliosoma sana, na kwamba anayelijaza lote alikuwa na majibu kichwani tangu mwanzo.

Imani hiyo ni ya kawaida mno, lakini haiendani na jinsi jedwali linavyojazwa. Katika mtihani, swali usilolijua hubaki wazi. Ukikosa maswali 8 kati ya 20, unapata 12, na zile 12 ulizozipata hazikusaidii hata kidogo kuziokoa zile 8. Kwenye chemshabongo mambo ni tofauti kabisa. Mtu anaweza kuanza akiwa na uhakika wa nusu tu ya majibu na bado akamaliza jedwali zima bila kosa, tena akiwa ameandika kwa usahihi jina la mji ambao hajawahi kuusikia. Na kinyume chake hutokea pia: mtu mwenye elimu nyingi hukwama pale anapong'ang'ania jibu moja alilolizoea badala ya kuziachia herufi zimwelekeze.

Waliolielewa hili mapema walikuwa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Januari 1942 gazeti la The Daily Telegraph liliwaalika wasomaji ofisini kwake London kujaribu kumaliza chemshabongo yake chini ya dakika 12. Baada ya hapo baadhi ya washiriki walitafutwa kimyakimya na kupelekwa Bletchley Park, kituo kilichokuwa kikivunja misimbo ya siri ya adui. Kazi ya huko haikuhitaji mtu anayekumbuka miji mikuu ya dunia. Ilihitaji mtu anayeweza kuona herufi tatu na kuhisi ya nne.

Historia yenyewe ni fupi. Chemshabongo ya kwanza ya aina hii ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, ikachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ilikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 ilitoka kwenye kitabu kilichouzwa pamoja na penseli, na Marekani nzima ikashikwa na homa hiyo. The New York Times, lililokuwa likiubeza mchezo huu, lilisubiri hadi Februari 1942 kuanza kuchapisha ya kwake.

Sasa tuingie kwenye jedwali lenyewe. Kila herufi iliyo kwenye makutano inatumika mara mbili, mara moja katika neno la mlalo na mara moja katika neno la wima. Fikiria mashahidi wawili wa tukio moja, waliohojiwa katika vyumba tofauti. Wa mlalo ameulizwa kuhusu ziwa, wa wima ameulizwa kuhusu kitenzi. Hawajapatana, hata hawajui kuwa wanazungumzia kisanduku kilekile. Wote wawili wakisema "A", huna haja ya kuwa na shaka. Mmoja akinyamaza, unamsikiliza mwenzake. Wakipingana, unajua mmoja wao amekosea, ingawa bado hujui ni yupi, na hapo ndipo kifutio kinapoanza kazi. Mtihani hauna shahidi wa pili, na tofauti yote inatoka hapo.

Nguvu ya jambo hili inaweza kuhesabiwa. Chukua neno la herufi 5 usilolijua kabisa, katika jedwali la mtindo wa Marekani ambamo kila herufi ina makutano. Tuseme unajua nusu ya maneno yanayolikata. Uwezekano wa kubaki bila herufi hata moja ni 1 kati ya 32. Uwezekano wa kupata angalau herufi mbili ni 26 kati ya 32. Hesabu hii inachukulia kwamba ugumu umetawanywa sawasawa, jambo ambalo si kweli kila mara, maana maneno magumu hupenda kukaa kona moja. Hata hivyo inaonyesha kwa nini kujua nusu kunatosha kuanza.

Lakini herufi mbili au tatu zingekuwa na faida gani kama herufi zote zingeweza kufuatana vyovyote? Zinasaidia kwa sababu lugha hairuhusu kila mpangilio. Tazama mfano huu: K _ T _ B _. Kwa hesabu tupu, nafasi tatu zilizo wazi zinaweza kujazwa kwa maelfu ya namna. Kwa Kiswahili, unapata KITABU, KATIBU, KATIBA, KUTUBU, na baada ya hapo utakuna kichwa sana kupata jingine. Geuza upewe vokali tu: _ I _ A _ U. Utapata KITABU, KIKAPU, KILABU na mengine machache. Kidokezo sasa hakina tena kazi ya kukufundisha jibu. Kinachagua tu kati ya maneno machache ambayo tayari unayajua.

Aliyelieleza hili kwa hesabu alikuwa Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, katika makala yake maarufu ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano. Katikati ya hoja nzito za simu na mawimbi, aliweka aya fupi kuhusu chemshabongo. Alieleza kwamba lugha ina ziada, yaani sehemu ya herufi zake inaweza kubashiriwa kutokana na nyingine. Lugha isiyo na ziada kabisa ingefanya kila mpangilio wa herufi uwe neno halali: ungeweza kujaza jedwali ovyo na likawa sahihi, ila msomaji asingeweza kubashiri chochote. Ziada ikizidi mno, maneno hayakubali kukatana na mtunzi hawezi kujenga jedwali kubwa. Kwa makadirio yake, majedwali makubwa yanawezekana kwa taabu ziada ikiwa asilimia 50, na Kiingereza alikikadiria kuwa karibu na hapohapo. Akaongeza kwamba ziada ikiwa asilimia 33 tu, chemshabongo ya pande tatu, yenye kina pia, ingewezekana. Ninaipenda sana aya hiyo. Mtu aliyekuwa akiweka msingi wa mawasiliano yote ya kidijitali aliona kwamba mchezo wa gazetini unategemea kanuni ileile.

Hoja ya Shannon inaeleza pia jambo ambalo mtunzi wa Kiswahili hukumbana nalo mara tu anaposhika rula. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali. Basi maneno ya mlalo yakijipanga hadi ukingo wa kulia, safu ile ya mwisho inakuwa vokali tupu kutoka juu hadi chini, na neno la wima la hapo litakuwa la vokali peke yake. Tuna OA, UA, EUA na vijineno vichache vya aina hiyo, kisha basi. Ukingo wa chini una shida hiyohiyo. Jedwali la Kimarekani, lenye makutano katika kila herufi, linakaribia kutowezekana kwa Kiswahili.

Mtindo wa Uingereza, ambao mara nyingi hukata takriban nusu tu ya herufi za kila neno, unatukaa vizuri ajabu. Weka KITABU wima kwenye ukingo wa kulia, kisha upitishe maneno ya mlalo katika mistari ya pili, ya nne na ya sita. Yataishia kwa I, A na U: RAFIKI, SAFINA, UTULIVU. Konsonanti za KITABU zinabaki bila makutano, na hakuna aliyebanwa. Mpishano wa konsonanti na vokali ulioziba mlango wa kwanza ndio uliofungua wa pili.

Sarufi nayo inatoa herufi za bure, kwa kuwa kidokezo na jibu lazima vilingane kwa umbo. Kidokezo kikiwa "Kutosahau", jibu linaanza na KU au KW kabla hujafikiri. Kikitaka wingi wa kitu cha ngeli ya KI-VI, andika V na uendelee. Kinyume chake, konsonanti mbili kama S na L zikisimama pamoja katika neno fupi la _ S L _, fahamu kwamba huenda unatafuta jina la kigeni. Hapo mji mkuu wa Norwei unakuja wenyewe.

Chemshabongo yenye mada inaongeza shahidi wa tatu. Majibu marefu machache yanafungwa kwa siri moja, na kwa desturi yanawekwa kwa ulinganifu: jibu la herufi 9 juu linajibiwa na jingine la herufi 9 chini. Tuseme katika jedwali moja umepata KUANGAMIA juu, kisha OFISINI. Hayana uhusiano wowote wa maana. Katikati kuna MAFICHO, na kidokezo chake kinasema "Walimo wanne hawa". Ukirudi juu na kutazama vizuri, ndani ya KUANGAMIA kuna NGAMIA, na ndani ya OFISINI kuna FISI. Kuanzia hapo jedwali linalegea. Jibu la tatu, lenye herufi 7 na kidokezo "Nchi mbili zinapokutana", lazima limfiche mnyama: MPAKANI, na PAKA ndani yake. La nne, herufi 9, "Kutosahau": KUKUMBUKA, lenye KUKU mwanzoni na hata MBU katikati. Uliyapata mawili ya mwisho bila kuhitaji makutano mengi, kwa sababu mada ilikwisha kukata idadi ya maneno yanayowezekana.

Jedwali linalothibitisha kanuni ya mashahidi vizuri zaidi ni lile lililoivunja kwa makusudi. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais Marekani, The New York Times lilichapisha chemshabongo ya Jeremiah Farrell. Kidokezo cha katikati kilitaka habari kuu ya gazeti la kesho yake, na jibu la pili la mstari huo lilikuwa ELECTED, yaani "amechaguliwa". Nani? Wagombea wakuu walikuwa Bill Clinton na Bob Dole. CLINTON ina herufi 7, na BOBDOLE ina 7. Farrell alitunga vidokezo 7 vya wima ambavyo kila kimoja kilikubali majibu mawili. Mnyama mweusi wa Halloween angeweza kuwa CAT, paka, au BAT, popo. Ya kwanza inatoa C, ya pili inatoa B. Kitu kinachonunuliwa kwenye duka la ushonaji kingeweza kuwa YARN, uzi, au YARD, yadi. N au D. Hivyo hivyo kwa herufi zote saba. Wasomaji wengine walilalamika kwamba gazeti limetangaza mshindi kabla ya kura kuhesabiwa, bila kujua kwamba jirani yao angeweza kujaza jina jingine na akawa sahihi vilevile. Mashahidi wote saba walikuwa wamefundishwa kukubaliana na upande wowote.

Vipi kuhusu yale majina ya mbali yanayowatisha wageni? Mengi yanajirudia, na sababu ni vokali zake. Kwa Kiingereza, chenye maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti, neno fupi lenye vokali nyingi ni dhahabu kwa mtunzi. Ndiyo maana ERIE, ziwa lililounganishwa na mto Hudson kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1825, hutokea tena na tena. OREO, biskuti iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, ina vokali tatu kati ya herufi nne. OSLO, uliojulikana kama Kristiania hadi mwaka 1925, na volkano ETNA wamo. Yumo na EMU, ndege ambaye mwaka 1932 wanajeshi wa Australia walitumwa kumpunguza kwa bunduki za rashasha katika mashamba ya ngano, akatawanyika kwa kasi hadi wakasitisha operesheni. Mjazaji mzoefu amekutana na majina haya mara nyingi tu. Watunzi wa Kiswahili wanaweza kumtumia PAA kwa namna hiyohiyo: leo sehemu ya nyumba, kesho swala mdogo, keshokutwa kwenda juu angani.

Kuna mahali mfumo huu unashindwa. Tangu mwaka 2008 wajazaji wa Marekani wanaiita hali hiyo Natick, jina la mji mdogo wa Massachusetts. Katika jedwali moja, NATICK ulikutana kwenye N na jina la mchoraji N. C. Wyeth. Asiyeujua mji wala mchoraji alikuwa na mashahidi wawili wasiosema chochote, na herufi ya kwanza ya jina la mtu au mji haibashiriki kama herufi ya katikati ya kitenzi. Hapo tu ndipo chemshabongo inapogeuka kuwa mtihani kweli. Mhariri makini huziwinda kona hizo kabla ya kuchapa: majina mawili ya nadra yakikutana kwenye kisanduku kimoja, huvunja kona nzima na kuijenga upya, hadi moja kati ya hayo mawili liwe neno ambalo msomaji anaweza kulifikia kwa kubashiri.